Kabla ya Kumrudisha Mtoto Nyumbani: Utangulizi wa Maadili ya Uongozi wa Shule

Katika shule za sekondari za Uvira, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kavimvira karibu na mpaka hadi Kalundu bandarini, iko asubuhi ambayo kila mzazi, mwalimu na mwanafunzi anaifahamu. Orodha inasomwa, na waliotajwa wanashika mikoba yao na kurudi nyumbani. Hawakupigana wala hawakumtukana mwalimu. Minervali, yaani ada ya shule, haijalipwa. Aliyetia saini orodha hiyo ni prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule ya sekondari, naye mara nyingi ni mtu mwema, Mkristo wa kuaminika au Mwislamu mcha Mungu, mzazi ambaye watoto wake nao wana orodha yao katika shule nyingine. Ukimuuliza kama ametenda haki atakujibu kwa swali: na walimu niwalipe nini?

Fani ninayokukaribisha, msomaji, inaanzia kwenye swali hilo la prefe, na inalipa uzito wake. Ni maadili ya uongozi wa shule. Wengi wakisikia jina hilo hudhani wataletewa mawaidha. Mawaidha yana mahali pake, na makanisa na misikiti ya mji huu inayatoa vizuri kuliko mimi. Kazi ya fani hii ni kuzichunguza sababu ambazo mtu mwenye mamlaka juu ya watoto wa wenzake anazitumia anapoamua, kuzipima, kisha kuona kama anaweza kuzitamka mbele ya wale watakaobeba uzito wa uamuzi huo. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo roho ya somo zima. Anayesoma nadharia za maadili akitafuta majibu ya mkato atarudi mikono mitupu. Zinachofanya ni kumlazimisha kiongozi amtazame usoni yule anayelipa gharama ya jibu alilolichagua.

Kwanza tuweke kando yaliyo rahisi. Mkuu wa shule anayeuza pointi, anayemdai msichana mwili wake ili ampitishe darasa (wanafunzi wa Kongo huziita kwa dhihaka alama zinazoambukizwa kwa ngono), au anayepenyeza jina la mwalimu hewa kwenye orodha ya malipo, hana mtanziko wowote wa maadili. Ana tamaa, na dawa yake ni ukaguzi na mahakama. Mmarekani Rushworth Kidder, katika kitabu chake cha 1995, alisisitiza tofauti hii: kishawishi kinapambanisha jema na baya, mtanziko unapambanisha jema na jema. Prefe wetu mwenye orodha yumo katika kundi la pili. Kumlipa mwalimu ni haki. Kumfundisha mtoto ni haki. Fedha hazitoshi kwa haki zote mbili.

Fani yenyewe bado changa. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, hasa Marekani, uongozi wa shule ulifundishwa kama sayansi ya utawala: bajeti, ratiba, usimamizi wa watumishi, na maswali ya thamani yakaachiwa wanafalsafa. Mkanada Christopher Hodgkinson alianza kuupinga mtazamo huo mwaka 1978, akidai kwamba kuongoza ni falsafa inayotendwa. Mwaka 1988 Kenneth Strike, Emil Haller na Jonas Soltis walitoa kitabu kilichojengwa juu ya kesi za wakuu wa shule, na mwaka 1991 Robert Starratt aliandika makala iliyokuja kuwa msingi: shule yenye maadili, alisema, inahitaji haki, kujali na ukosoaji kwa pamoja. Miaka kumi baadaye Joan Shapiro na Jacqueline Stefkovich wakaongeza jambo la nne, maadili ya taaluma. Hiyo ndiyo ramani utakayoikuta katika vyuo vingi leo. Inafaa, ingawa ilichorwa na watu ambao mshahara wa mwalimu ulikuwa unaingia benki kila mwezi.

Tuipime basi kwa kesi. Tubuni shule moja katika mtaa wa Kimanga. Ina walimu 20, na 8 kati yao hawajamekanizwa, yaani wanafundisha kila siku huku serikali ikiwa haijawaingiza kwenye orodha yake ya malipo. Hao 8 wanaishi kwa prime inayotoka mifukoni mwa wazazi. Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inakaribia, wanafunzi 40 hawajamaliza kulipa, na walimu wamesema wazi kwamba wiki ijayo hawaingii darasani.

Wa kwanza kuitwa ni Jeremy Bentham na John Stuart Mill, wenye nadharia ya manufaa: chagua kitendo kitakacholeta mema mengi zaidi kwa watu wengi zaidi. Kwa haraka hesabu inaonekana nyepesi. Wanafunzi 40 wakikaa nyumbani siku chache, wazazi watatafuta fedha, walimu watabaki, na shule nzima itanufaika. Wanafunzi wangu wengi huishia hapo na kufunga daftari. Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Katika hao 40 yupo msichana ambaye akianza kumsaidia mama yake kuuza ndagala sokoni hatarudi tena, na yupo kijana ambaye siku zake za bure zitamkutanisha na watu wa bunduki wanaoshuka kutoka milimani. Gharama hizo haziingii kwenye daftari la prefe kwa sababu waliozilipa wameshatoka nje ya lango. Kosa la kawaida la nadharia ya manufaa katika shule zetu linatokea hapo: anayehesabu anawahesabu waliobaki.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785, anauliza jambo tofauti kabisa. Je, kuna mtu hapa anayetumiwa kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine? Ukilitazama suala la orodha kwa jicho hilo linatisha. Mtoto hadaiwi chochote. Aliyeahidi kulipa ni mzazi, na mtoto anarudishwa nyumbani ili aibu na machozi yake yafanye kazi ambayo barua ya prefe imeshindwa kuifanya. Hapo wasomaji wa Kant husimama wakidhani wamepata hukumu. Wangoje kidogo. Mwalimu asiyemekanizwa, anayeingia darasani miezi mitano bila senti ili watoto wa wengine wapate diploma, naye anatumiwa kama chombo. Anayemwambia prefe asimrudishe mtoto hata mmoja, bila kusema mwalimu atakula nini, amehamisha tu dhuluma kutoka benchi la mwanafunzi hadi meza ya mwalimu.

John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza tufikirie kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutazaliwa nani ndani yake. Kando ya Ziwa Tanganyika zoezi hilo lina uzito wa pekee. Huenda utakuwa mtoto wa mfanyabiashara anayevuka kwenda Bujumbura kila wiki. Huenda utakuwa mtoto wa mvuvi asiye na mtumbwi wake, au mkimbizi wa Burundi aliyefika Fizi tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015, au mtoto wa kabila ambalo majirani wanalinyooshea kidole kila bunduki inapolia Uwanda wa Ruzizi. Bila kujua utakuwa yupi kati ya hao, ungependa shule iwe na utaratibu gani wa ada? Nadhani wengi tungetaka msamaha wenye vigezo vinavyojulikana na kubandikwa ukutani, usiotegemea mzazi anafahamiana na nani.

Nalisema hilo kwa makusudi, maana nadharia inayofuata ndiyo inayopendwa zaidi na wakuu wa shule wenye moyo mwema, nayo ina mtego. Carol Gilligan mwaka 1982 na Nel Noddings mwaka 1984 walitukumbusha kwamba maadili hayaishi katika kanuni peke yake. Yanaishi katika uhusiano, katika kumjua mtoto huyu na nyumba yake. Ni kweli tupu. Prefe anayejua kwamba baba wa mwanafunzi fulani alipoteza nyumba katika mafuriko ya Aprili 2020 hawezi kumtendea kama namba. Tatizo ni kwamba tunawajua watu bila usawa. Tunamjua mtoto wa mwimbaji mwenzetu wa kwaya, wa shemeji, wa mtu wa kijijini kwetu, kisha tunamhurumia. Huruma isiyo na utaratibu huzaa upendeleo, na katika mji wa Bavira, Bafuliiru, Babembe, Barundi, Banyamulenge na wengine wengi, upendeleo mdogo wa prefe husomwa haraka kama ukabila, hata kama yeye hakuwa na nia hiyo.

Sasa nifike kwenye ukosoaji wa Starratt, ambao kwa maoni yangu ndio unaostahili kutangulia katika eneo letu, ijapokuwa vitabu vingi huuweka nyuma. Ukosoaji hauulizi prefe afanye nini kesho. Unauliza mambo yalifikaje hapa na nani ananufaika yakibaki hivi. Historia ni fupi na chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dola la Zaire lilipoacha kulipa mishahara inayofaa, wazazi, pamoja na makanisa, walikubali kuchanga ili shule zisifungwe. Ilikuwa hatua ya dharura. Dharura ikageuka mfumo, na mfumo ukaota matawi: sehemu ya fedha zilizokusanywa shuleni ikawa inapanda kwenda ofisi za juu, ngazi kwa ngazi, kwa utaratibu unaoitwa ventilation. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ikatangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Wazazi wakaendelea kulipa miaka mingine 13, hadi serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoanza kutekeleza gratuité, yaani elimu hiyo ya bure, Septemba 2019.

Na gratuité ilipokuja, ikaja na mitanziko yake. Watoto waliokuwa nyumbani walimiminika madarasani, jambo la kushukuriwa. Walimu wa shule za msingi wakaikosa prime ghafla, na wale ambao hawajamekanizwa wakabaki bila kitu. Direkta wa shule ya msingi aliyekuwa akihangaika na ada sasa anahangaika na mlango: benchi la watoto watatu lina watano, na mama mwingine amesimama nje na mtoto wake mkononi. Amkatae, avunje haki ambayo Katiba imempa? Ampokee, wote wasijifunze kusoma? Sekondari, kwa upande wake, ilibaki ya kulipia, na mzazi aliyevuta pumzi kwa miaka sita anakutana tena na minervali.

Ukiijua historia hiyo unaiona orodha ya prefe kwa sura nyingine. Ni deni la dola lililoshushwa ngazi baada ya ngazi hadi likamwangukia mtu wa chini kabisa, na yeye akamkabidhi mtoto. Lakini ukosoaji nao una ulevi wake. Nimewasikia viongozi wanaoichambua serikali kwa ufasaha wa kupigiwa makofi, halafu wanatia saini orodha ileile na mkono hautetemeki. Kosa la Kinshasa halimwondolei mtu wa Uvira wajibu wa kile kidogo kilicho mikononi mwake.

Kidogo hicho kina mipaka ya kisheria, na hapo yanaingia maadili ya taaluma. Shapiro na Stefkovich wanaweka maslahi ya mwanafunzi katikati ya kila uamuzi wa kiongozi. Ni shauri jema, ila huku kiongozi ana mabwana wawili. Baada ya Mobutu kuzitaifisha shule mwaka 1974, dola lilizirudisha kwa makanisa kupitia mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, na tangu hapo sehemu kubwa ya shule za umma nchini inasimamiwa na madhehebu. Uvira, mkuu wa shule anaweza kuwa chini ya Jimbo Katoliki, lililoanzishwa mwaka 1962, au chini ya jumuiya za Kiprotestanti kama CEPAC na CELPA, na wakati huohuo akawajibika kwa sous-division, ofisi ya elimu ya serikali katika eneo lake, na kwa mkaguzi. Mabwana hao wakipatana, kazi ni ya kawaida. Wakitofautiana, kwa mfano kuhusu msichana aliyepata mimba, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaweza kuvuta huku na desturi ya kanisa ikavuta kule. Kwa majirani zetu Watanzania ilichukua hadi Novemba 2021 kwa serikali kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule rasmi, na kabla ya hapo wakuu wengi wa shule walibeba peke yao uamuzi wa kumfukuza mtoto au kufumba macho.

Hadi hapa waalikwa wetu karibu wote wametoka mbali. Yupo wa nyumbani. Bénézet Bujo, padri na mwanateolojia aliyezaliwa Drodro katika Ituri mwaka 1940 na kufundisha miaka mingi Fribourg, Uswisi, alitetea hoja kwamba maadili ya Kiafrika hayapatikani kwa mtu mmoja kuketi na kutafakari peke yake. Yanapatikana katika baraza, ambapo neno linasemwa, linatafunwa na wote, na linakubalika au kutemwa. Kwa kiongozi wa shule hii ni changamoto ya vitendo. Kant na Mill wote wawili wanamwachia prefe aamue ofisini mwake mlango ukiwa umefungwa. Bujo anamtoa nje.

Wengine watasema baraza tunalo: komite ya wazazi, COPA, inakutana kila muhula. Inakutana, ndiyo. Angalia nani hayupo. Mvuvi aliyekesha ziwani na taa zake amelala saa ya mkutano. Mama muuza samaki yuko sokoni, maana asubuhi ndiyo saa yake. Mkimbizi hakupewa barua. Mwalimu asiyemekanizwa anaogopa kusema mbele ya prefe atakayeamua kama atabaki mwakani, na mwanafunzi hajawahi kualikwa tangu shule ijengwe. Wanaobaki ni wenye kazi ya ofisi na wazee wenye sauti, kisha azimio linaandikwa kwamba wazazi wamekubali. Baraza la namna hiyo Bujo asingelitambua. Kama prefe angebadilisha jambo moja tu baada ya kusoma fani hii, ningemwomba abadilishe saa ya mkutano.

Turudi Kimanga. Uamuzi ambao ningeweza kuutetea ni huu: darasa la mwisho lisiguswe hadi Exetat ipite, majina yasisomwe hadharani, aitwe mzazi, vigezo vya msamaha vipitishwe na COPA iliyokutana saa ya jioni, hesabu yote ya prime ibandikwe, iliyoingia na iliyotoka, pamoja na ile iliyopanda juu, na walimu 8 wawe ndani ya kikao wakiona kwa macho yao kwamba upungufu unagawanywa kwa wote, prefe akiwemo. Mtu mwingine anaweza kuukataa kwa sababu nzuri, na ningependa kuzisikia. Walimu wale 8 bado watakuwa wamelipwa pungufu.

Kuna maamuzi yasiyongoja kikao. Mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 iliujaza mto Mulongwe, watu wakafa kwa makumi, na waliopoteza nyumba walilala makanisani na madarasani, shule zikiwa tayari zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya Covid. Tarehe 10 Agosti wanafunzi wa madarasa ya mwisho waliitwa warudi. Fikiria mkuu mwenye familia zisizo na pa kwenda ndani ya chumba ambacho watahiniwa wanakihitaji. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, na tena Desemba mwaka huohuo walipoingia Uvira, mkuu wa shule aliulizwa na hali yenyewe: kuwaita watoto darasani chini ya wenye bunduki ni kuwatumikia watoto, au ni kuwapa wenye bunduki sura ya mambo kuwa shwari? Kuwaacha nyumbani ni kuwalinda, au ni kuwaachia mtaa? Katika saa kama hizo hakuna anayefungua kitabu. Aristotle aliliona hilo zamani: hekima ya kutenda hujengeka polepole, kwa maamuzi madogo mengi yaliyofanywa vizuri, ndipo siku ya dharura inakuta mtu aliyeandaliwa. Ndiyo maana nimetumia kurasa nyingi kwa minervali, jambo la kila mwezi, na chache kwa vita.

Ukiendelea kuisoma fani hii utakuta vitabu vingi vyenye kesi za Marekani na Ulaya, kuhusu upekuzi wa makabati ya wanafunzi, sala shuleni, mavazi. Zisome, zina mafunzo. Kesi za prime, za mwalimu asiyemekanizwa, za darasa lenye wakimbizi wa mafuriko, hutazikuta humo, na hakuna atakayetuandikia. Kwa hiyo nakuomba wewe prefe, direkta, mkaguzi, mwanafunzi wa chuo cha ualimu (ISP): andika kesi zako. Weka tarehe, jambo lenyewe, walioitwa na wasioitwa, sababu uliyoitoa na sababu uliyoificha, na nani aliyelipa. Futa majina ya watoto. Kisha zisomeni pamoja katika mkutano wa wakuu wa shule wa sous-division yenu, kabla mwaka wa masomo haujafunguliwa Septemba.